Mwalimu, fungua kabati watoto wasome!

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nikitandika vitanda vya watoto wangu hapa nyumbani mkono ukagusa kitu kigumu chini ya godoro la binti yangu. Moyo ulinipasuka. Wewe ambaye una mtoto wa miaka kumi na miwili unayajua mawazo yanayomjia mzazi kwa wakati kama huo, kwa hivyo sitayaorodhesha hapa. Nilivuta kitu hicho polepole. Kumbe kilikuwa kitabu cha hadithi chenye mhuri wa shule yao, na nusu ya kurasa zake zilikuwa zimegandamana kwa chai ya maziwa.

Nikamwita. Akaja akasimama mlangoni, macho kwenye vidole vya miguu. Chai ilikuwa imemwagikia kitabu hicho wiki mbili kabla, na kwa muda huo wote, kila tulipozima taa, binti yangu alikuwa akikitoa na kujaribu kuzibandua kurasa kwa rula. Kule shuleni alikuwa akisema amekisahau nyumbani.

"Mama, ukinichapa ni sawa," akaniambia, "lakini usimwambie mwalimu."

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimefungua kinywa kumwuliza kitabu hicho ni pesa ngapi. Swali likanikwama kooni kwa sababu nililikumbuka. Niliwahi kuulizwa mimi, mbele ya shule nzima.

Ilikuwa mwaka wa 2004, nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Shule hiyo ilikuwa na maktaba. Nasema ilikuwa nayo kwa maana kwamba kibao kilichoandikwa "Maktaba" kilikuwa juu ya mlango. Ndani mlikuwa na kabati nne za mbao, kila moja na kufuli yake, na ufunguo ulikaa kwa mwalimu mmoja. Siku ya kuazima vitabu ilikuwa Jumatano, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu jioni, ikiwa mwalimu huyo hakuwa na mkutano. Aghalabu alikuwa nao.

Siku moja mkutano ukaahirishwa. Nikaingia, nikaazima riwaya ya Rosa Mistika yake Euphrase Kezilahabi. Wale mlioisoma mnajua ni kitabu cha namna gani. Kilitolewa mwaka wa 1971, na kule Tanzania kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, maana kinaeleza bila kuficha masaibu ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali mno, kisha akatoka nyumbani na kujikuta hajui la kufanya na uhuru wake. Nilikimaliza kwa siku mbili, chini ya blanketi, kwa tochi iliyokuwa ikififia. Asubuhi nikamsimulia msichana aliyelala kitanda cha juu. Akakiomba. Naye alipomaliza akamsimulia mwingine.

Basi kitabu kikaanza safari. Wasichana walikipangia zamu, wakawa wanaandika majina yao kwa penseli nyuma ya jalada ili pasiwe na ugomvi. Mara ya mwisho nilipokiona, jalada lilikuwa limeachana na kitabu na majina yalikuwa kumi na moja. Kilisomwa bafuni. Kilisomwa jikoni na wale waliokuwa na zamu ya kuosha masufuria. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuwahi kupita mtihani wa Kiswahili, na ambaye sote tulijua hapendi kusoma. Huyo alikaa nacho siku nne na akakataa kukitoa hadi akirudie tena. Halafu kikavuka kikaenda bweni la pili, na huko ndiko kilikopotelea.

Mwisho wa muhula jina langu lilisomwa gwarideni. Nilisimamishwa mbele nikaulizwa kama najua kitabu hicho ni pesa ngapi. Nikatumwa nyumbani kumleta mzazi. Baba alikuja kwa baiskeli, akaambiwa alipe mara tatu ya bei, na akalipa. Tulipokuwa tukitoka langoni nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu kama kilikuwa kitabu kizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akapanda baiskeli.

Sikuazima tena kitabu hata kimoja hadi nilipomaliza kidato cha nne. Ni miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uandishi wa habari, nilipokaa nikalitafakari jambo hilo vizuri. Katika daftari la shule, kitabu kile kiliandikwa KIMEPOTEA kwa wino mwekundu. Vile vingine vilivyojaa kabatini, ambavyo hapakuwa na mtu aliyevigusa, viliandikwa VIPO. Kwa hesabu ya shule, kosa lilikuwa limetendwa kwa kitabu kimoja. Kwa hesabu yangu, kitabu hicho ndicho pekee kilichofanya kazi iliyokinunulia, na shule ikatoa adhabu.

Sitaki kuwaonea walimu. Wengi wao ni rafiki zangu na wengine ni wasomaji wa safu hii. Mwalimu anayekabidhiwa maktaba katika shule nyingi hapa nchini hajasomea ukutubi, na hapunguziwi vipindi kwa ajili ya kazi hiyo. Anakabidhiwa ufunguo na orodha, na anatia sahihi. Wakaguzi wakija, hawamwulizi ni watoto wangapi waliosoma. Wanamwuliza vitabu viko wapi. Siku akihamishwa, anahesabu kitabu kimoja kimoja na yule anayempokea, na kisichoonekana kinaweza kuwa mzigo wake. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini? Ungefunga kabati. Mimi pia ningefunga.

Zamani tulikuwa na kisingizio cha mtihani. Mtoto wa darasa la nane akishika kitabu cha hadithi aliambiwa aweke kando upuzi huo ashike masomo ya KCPE. Mtihani wa KCPE wa mwisho ulifanywa mwaka wa 2023 na mfumo mpya unasema mtoto agundue mambo mwenyewe. Isitoshe, tangu mwaka wa 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shuleni, kwa lengo kwamba kila mwanafunzi apate chake katika kila somo. Hilo ni jambo jema. Lakini kitabu cha kiada ni ugali, na hakuna mtoto aliyepata kukimbilia nyumbani kwa sababu ya ugali mtupu. Kitabu cha hadithi ndicho kitoweo, na katika shule nyingi kitoweo bado kiko ndani ya kabati.

Tabia hii ya kufungia vitabu si yetu peke yetu, wala haikuanza jana. Huko Uingereza kuna kanisa kuu la Hereford ambalo hadi leo lina maktaba ambayo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo ya chuma, kila kitabu na mnyororo wake, kama mbuzi. Enzi hizo kitabu kilinakiliwa kwa mkono na kilikuwa ghali mno, kwa hivyo mnyororo ulikuwa na maana yake. Baadaye uchapishaji ukaja, vitabu vikawa vingi, lakini mazoea yana mizizi.

Mtu aliyeyapiga vita mazoea hayo kuliko wengi alikuwa mwalimu wa Hisabati kutoka India, S. R. Ranganathan. Mwaka wa 1924 aliteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, akapelekwa London kujifunza kazi, na mwaka wa 1931 akatoa kitabu chenye kanuni tano za maktaba ambazo wakutubi kote duniani husomeshwa hadi leo. Ya kwanza ni kwamba kitabu kipo ili kitumiwe. Ni kanuni rahisi hata utadhani hakuna haja ya kuiandika, lakini alijua ni kwa nini alianza nayo. Nyingine husema kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake, na kwamba muda wa msomaji usipotezwe. Ya tano ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Kiumbe hula, huchafuka, huugua, hunenepa. Kitu kisichobadilika kamwe ni maiti au sanamu.

Mwaka huo huo wa 1931, hapa kwetu Nairobi, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, lile jengo lenye sanamu za simba karibu na Msikiti wa Jamia. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mnyororo wa hapo haukuwa kwenye kitabu, ulikuwa kwenye ngozi ya msomaji. Baada ya uhuru, sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa ilipitishwa mwaka wa 1965, na huduma hiyo ndiyo iliyokuja kuwapandishia ngamia vitabu huko Garissa na Wajir ili viwafikie watoto wa wafugaji wanaohamahama. Hebu fikiri, msomaji wangu. Kitabu kimefungwa kwenye sanduku mgongoni mwa ngamia, kinapita juani na vumbini, kinashushwa chini ya mti na kusomwa mkekani. Ikiwa kitabu kinaweza kuaminiwa kwa ngamia, mbona kisiaminiwe kwa mtoto wa Gredi ya Nne aliyevaa sare?

Nilipokuwa nikiuliza-uliza juu ya jambo hili, mama mmoja tunayesali pamoja aliniambia niende nikaone shule ya mtoto wake, shule ya umma huku Eastlands. Nilienda siku ya Alhamisi saa ya chakula cha mchana. Nilidhani nitakuta kitu kikubwa cha wafadhili, chenye kompyuta na viti vya rangi. Nilikuta chumba kilichokuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Rafu zake zilikuwa zimeundwa kwa mbao za madawati hayo hayo, na nyingine zilikuwa ni katoni za mafuta ya kupikia. Chini kulikuwa na mikeka. Na kelele! Sikuwahi kusikia kelele kama ile ndani ya chumba kinachoitwa maktaba.

Mwalimu anayeisimamia hufundisha Hisabati, na nikamwambia habari za yule Mhindi wa Madras akacheka. Jambo la kwanza alilofanya, alinieleza, ni kugeuza vitabu. Vilikuwa vimepangwa vikionyesha mgongo, na mgongo wa kitabu chembamba cha watoto hauna maandishi hata kidogo. Akatundika kamba ukutani, akaviweka vikionyesha uso. Siku hiyo hiyo watoto wakaanza kuviomba kwa jina: kile cha mamba, kile cha msichana mwenye ndoo. Vilikuwa hapo miaka yote.

Kisha akawaachia watoto wavipange. Kuna ule mfumo wa Dewey wa Marekani, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1876, unaogawa elimu yote katika makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Wale wakubwa anawafundisha huo, ili wakienda maktaba ya taifa pale Buruburu wasizubae. Wale wadogo walitengeneza mfumo wao kwa karatasi za rangi. Vitabu vya wanyama vina kijani, vya kuchekesha vina manjano, vya kutisha vina nyekundu. Nilipoingia kulikuwa na mabishano makali kuhusu kitabu cha nyoka, kama ni cha wanyama au cha kutisha. Mkutubi wa zamu, msichana wa Gredi ya Tano mwenye beji ya kadibodi, aliamua kwamba kikae katikati hadi atakapokisoma mwenyewe.

Watoto hao hawaandiki ripoti ya kitabu. Hapo niliuliza mara mbili, maana mimi nililelewa kwa ripoti: jina la mwandishi, wahusika, mafunzo tuliyopata. Mwalimu alisema alijaribu ripoti muhula mmoja na watoto wakaanza kuchagua vitabu vyembamba zaidi. Sasa anayemaliza kitabu huandika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi akakichomeka ndani kwa ajili ya atakayefuata. Nilisoma kadhaa. Kimoja kilisema, "Usisome hiki usiku ukiwa peke yako." Kingine kilisema, "Mwanzo unachosha, lakini ngoja mzee aanguke kisimani." Nimefanya kazi ya uandishi kwa miaka kadhaa na sijawahi kuandika uhakiki unaofaa kuliko huo.

Kwenye kona moja kulikuwa na katoni iliyoandikwa "Hospitali". Humo ndimo vinamolazwa vitabu vilivyochanika. Kuna gundi, selotepu, uzi na sindano ya gunia, na Ijumaa alasiri madaktari huja kuwashona wagonjwa. Mtoto aliyeharibu kitabu halipi na wala haitwi mbele. Anakuja na kitabu chake, anasema kilichotokea, na anakitibu pamoja na vingine viwili. Aliyepoteza kabisa hufanya zamu hospitalini kwa majuma matatu, na nyumbani kwao wakiweza kuleta kitabu kingine chochote, hata cha zamani, kinapokewa. Mwalimu aliniambia kwamba tangu aache kutoza faini, watoto wameacha kudanganya, na vitabu vinavyorudi ni vingi kuliko zamani, ingawa vinarudi na alama za vidole.

"Mimi kikirudi safi kabisa ndipo naingiwa na wasiwasi," alisema. "Namwuliza mtoto, hukukisoma?"

Lakini jambo lililonigusa zaidi sikulitegemea. Pembeni, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, kulikuwa na mvulana mkubwa wa Gredi ya Saba, ndevu karibu zichipuke, amezungukwa na watoto sita wa Gredi ya Kwanza. Alikuwa akiwasomea hadithi ya sungura. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno, na alipofika kwa fisi alibadilisha sauti na wale wadogo wakapiga mayowe. Nikamsifu kwa mwalimu. Mwalimu alinivuta kando akaniambia kwamba mvulana huyo alifika Gredi ya Sita bila kuweza kusoma ukurasa mmoja vizuri. Darasani alikuwa akizua fujo kila ilipofika zamu yake ya kusoma, ili afukuzwe nje kabla aibu haijamfika. Kumpa kitabu cha sungura mbele ya wenzake ingekuwa kumvua nguo. Kwa hivyo mwalimu alimwomba msaada. Alimwambia wale wadogo hawana mtu wa kuwasomea na wanamwogopa mwalimu. Mvulana akakubali, akawa anabeba kitabu nyumbani jioni kufanya mazoezi, ili asije akakwama mbele ya watoto. Vitabu vya Gredi ya Kwanza, kisha ya Pili. Alipokuwa akiwafunza wao alikuwa akijifunza mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Nilimtazama tena. Alikuwa amefika mwisho, na kitoto kimoja kilikuwa kimemkalia mguuni kikisema, "Rudia, rudia." Nikajiuliza ni wangapi kama yeye walipita shule yetu, na shule yenu, huku dawa yao ikiwa ndani ya kabati, na ufunguo uko mkutanoni.

Najua mwalimu mkuu mmoja atasoma hapa na kusema, huyu mwandishi hajui gharama. Mwalimu, nazijua. Lakini nikuulize. Kila muhula unanunua chaki, na mwisho wa muhula chaki hazipo. Hujawahi kuitisha gwaride kuuliza zimeenda wapi, kwa sababu unajua zimekwisha zikifanya kazi. Tenga kiasi kidogo kwa ajili ya vitabu vitakavyokwisha namna hiyo, kiandike waziwazi, kamati ya shule ikipitishe, na yule mwalimu uliyempa ufunguo alale usingizi. Na mpunguzie kipindi kimoja au viwili. Maktaba inayofunguliwa nusu saa kwa wiki haiwezi kuwa hai, hata ingekuwa na vitabu elfu kumi. Afadhali vitabu mia moja kwenye sanduku linalozunguka darasani kila siku.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu kabla baba hajalichukua gazeti, msingoje. Nendeni watano au sita kwa mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza mkamwambie mtaketi maktabani kwa zamu saa ya chakula, mtaandika majina, mtapanga, mtafagia. Walimu wengi hawakatai kufungua, wamekosa tu mtu wa kukaa hapo. Na kama shuleni hakuna kitu kabisa, zipo maktaba za umma. Zile za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan, zilikuwa zimechakaa vibaya hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipozikarabati kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Nimezitembelea zote mbili na nilikuta watoto.

Kusoma gazeti la michezo ni kusoma. Kusoma katuni ni kusoma. Mzazi mwenzangu, mtoto wako akichagua kitabu unachokiona cha kipuzi, mwache. Hukuanza maisha kwa kula pilipili.

Yule binti yangu nilimpeleka shuleni mwenyewe siku ya Jumatatu, na kitabu chake cha chai kwenye mfuko wa nailoni. Alinishika mkono, jambo ambalo ameacha kulifanya siku hizi. Mwalimu wao alikitazama, akakigeuza, akatutazama. Nikasema haraka kwamba tuko tayari kukilipia na tuko tayari pia kukishona. Akanyamaza kidogo. Kisha akamwuliza mtoto kama alikuwa amefika mwisho kabla chai haijamwagika. Binti yangu akasema alikuwa amebakiza kurasa tatu, na kwamba kwa majuma mawili amekuwa akijaribu kuzibandua kurasa hizo tatu kwa rula ili ajue kama yule kijana alimpata mamake.

Mwalimu akaenda kabatini. Akafungua kufuli, akatoa nakala nyingine, akampa.

Hapo nilidhani hadithi yangu imekwisha, lakini juma lililopita nilikuwa nikipita kwa wale wauza vitabu vya mitumba wa barabarani mjini nikaona Rosa Mistika. Jalada lilikuwa limeunganishwa kwa selotepu. Nilikinyakua nikakigeuza kutafuta majina kumi na moja ya penseli. Hayakuwapo, na mhuri ulikuwa wa shule nyingine kabisa. Nilinunua hata hivyo, nikapiga simu kwa shule yangu ya zamani nikapata anwani yao ya posta. Nilikusudia kukituma Ijumaa. Sasa tatizo ni kwamba nilikifungua ndani ya matatu nikielekea posta, ili nipitishe muda tu, na nikapitiliza kituo. Nimefika katikati. Nitakituma nikimaliza.